Pigo la Nne

Rilhana alipiga tindo mara tatu, akasikia pigo la nne.

Lilikuja kwa kuchelewa, kutoka ndani ya jiwe. Akamtazama mwalimu wake, Mzee Bhogasena, aliyekuwa akila tufaha juani. Mzee hakusikia kitu. Alikuwa akimtania: mikunjo ya vazi la sanamu ya mungu Shiva ilikuwa safi, kama wanavyochonga watu wa Gandhara, lakini ile midomo minene ilikuwa ya watu wa tambarare, walaji wa maembe.

Shiva huyo alikuwa na nyuso tatu: wa katikati mtulivu, wa kulia mkali, wa kushoto wa kike. Huo wa kike ulikuwa haujaisha. Kila asubuhi Rilhana aliukuta umezidi kufanana na mkewe, Lothika, mwenye mimba ya miezi minane. Na jiwe lilinuka tope bichi, ilhali mvua haikunyesha mwezi mzima.

Nyumbani, Lothika alisema mtoto alikuwa akipiga teke saa za kuchonga tu. Mara tatu, kisha moja.

Siku hiyo hiyo Rilhana akarudi, akamweleza mzee yote. Desturi ilikuwa kumwomba roho anayekaa ndani ya jiwe ahame kabla halijakatwa. Mzee akauliza aliombaje.

"Nilimwambia atoke."

"Atoke aende wapi?"

Rilhana akaitazama tindo mkononi mwake.

"Mwanangu," mzee akanong'ona, "umemfukuza mwenye nyumba na hukumwonyesha pa kulala?"

Kesho yake walibeba sadaka ya wali wa maziwa na samli, ili wamwonyeshe yule mkaaji mti wa kokwa za jozi kule mlimani, ahamie. Kabla ya kuomba, Rilhana aligonga jiwe mara tatu. Likalia kama kengele, na pigo la nne halikuja. Harufu ya tope haikuwapo.

"Ameshahama," mzee akasema, wala hakutabasamu.

Rilhana hakuuliza amehamia wapi, alitupa nyundo akakimbia, akapita mashamba ya zafarani na wanawake walioinama wakichuma, akavuka kijito bila kutafuta daraja, kifua kikimwaka, mpaka mlangoni kwake, akagonga mara tatu.

Kimya. Kisha, kwa kuchelewa, pigo la nne.

Akashusha pumzi. Mkewe alikuwa amemjibu. Akafungua.

Lothika alikuwa ameketi pembeni kabisa, mbali na mlango, mikono yote miwili tumboni. Chumba kizima kilinuka tope.

"Mume wangu," alinong'ona, "usigonge tena. Kilichomo tumboni kinajibu."