Unga wa Kopo Ulivyomlaza Baba Yangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na moja, ni mjane, ninaishi na baba yangu mzazi hapa Maretadu, Mbulu. Haya ninayowaeleza sijawahi kuyatamka hata kanisani...

Baba ana miaka themanini na moja. Mpaka mwaka juzi alikuwa akishika plau mwenyewe nyuma ya maksai, anamaliza shamba la mahindi bila kuomba msaada. Kisha akaugua nimonia. Alipotoka hospitali mapaja yalikuwa yamelegea, na akiinuka lazima ashike ukuta.

Nesi wa zahanati alinielekeza vizuri. Baba ale mayai na maharage, anywe maziwa kila siku, halafu asimame na kutembea, hata kama ni kutoka kitandani hadi mlangoni. Nilimdharau! Tangu lini maharage yakawa dawa?

Ndipo alipokuja mdogo wangu Veronika kutoka Babati, anakouza makopo ya unga wa protini. Kwenye kopo kulikuwa na picha ya mzee mwenye kifua cha kijana. Akasema baba akinywa asubuhi na jioni, misuli itarudi yenyewe, hata chakula kingine si lazima. Tena asitembee, atunze nguvu.

Nilimwamini... Tumezaliwa tumbo moja, ningemshuku vipi?

Makopo yalikuwa ghali. Nikauza ng'ombe wetu pekee wa maziwa. Ndiyo, ndugu zangu, niliuza maziwa ili ninunue unga!

Baba alikunywa, tumbo likajaa, ugali akauacha. Kila asubuhi aliniomba nimsaidie kufika uani. Mimi nikamrudisha kitandani. Siku moja alijivuta peke yake, akaning'iniza miguu ikagusa sakafu. Nikamgombeza kama mtoto mdogo! Tangu siku hiyo hakujaribu tena.

Nesi alipopita kumjulia hali, nilisema baba amelala.

Miezi minne ikapita. Mapaja yakawa membamba kuliko mikono yangu, huku uso na nyayo vikivimba. Nikalia, nikakodi gari, tukaenda hospitali. Daktari akauliza anakula nini. Nikatoa kopo kwenye mkoba...

Walipompima, daktari akaniambia figo za baba zilikuwa dhaifu tangu zamani, na unga wa namna ile hakupaswa kupewa kabla ya vipimo. Kuhusu misuli, alisema imekwisha kwa kulala na kukosa chakula cha kutosha. Mtu asiyesimama, akasema, hata umpe unga gani, hauwezi kumrudishia miguu peke yake.

Nilimpigia simu Veronika. Nikamweleza aliyosema daktari.

"Dada, kwenye semina ya wauzaji tuliambiwa mzee mgonjwa amwone daktari kwanza," akasema. "Nilinyamaza. Nilikuwa nimebakiza wateja wawili nipandishwe cheo."

Wateja! Baba aliyetulea alikuwa mteja?

Lakini nitamlaumu yeye peke yake mpaka lini? Ni nani aliyemfungia mlango nesi? Ni nani aliyemrudisha baba kitandani kila asubuhi?

Uvimbe ulipungua. Miguu haikurudi. Sasa ninambeba mgongoni kumpeleka chooni, mwanamume aliyekuwa akisukuma plau. Kuna siku hujifunika uso kwa blanketi nisimwone akilia. Nilipiga magoti nikaungama kwake yote, hata uongo wangu kwa nesi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa nakuomba mkono tu."

Tangu hapo sina usingizi wala amani...

Nawasihi, wenye wazazi wazee: msifungue kopo lolote kabla ya kumuuliza daktari, hata kama anayewaletea ni ndugu wa damu. Wapeni chakula. Wasimamisheni, hata hatua tatu, hata wakichelewa, hata mkiwa na haraka ya shamba. Fanyeni leo. Mimi huwa najaribu kumwinua wangu kila siku, na kila siku magoti yake yanakunjika mikononi mwangu.