Kaburi Chini ya Tanuri Langu

Mimi kusoma sikusoma, lakini picha haihitaji shule. Msimu ule wa baridi nilifuata uchimbaji mzima wa kaburi nikiwa nimeketi mlangoni pangu, nachambua dengu, simu ya mkwe wangu Wafdiya imeegemezwa kwenye ungo.

Mwanangu Abderadi alikuwa mbeba udongo pale shimoni, na siku za Ijumaa mlinzi. Sisi wa nyumbani hatukuruhusiwa kusogea. Wageni je? Wao hupanda kilima, husimama kwenye kamba, hupiga picha mpaka mbuzi. Basi Abderadi aliwapa namba ya simu ya mkewe Wafdiya, "nitumieni mlizonipiga," nao wakatuma. Ndivyo tulivyojua leo wamefika ngazi ya nne, leo wameona mlango.

Jirani yangu Ratiba hakukosa siku.

"Mama Abderadi, mwanao ametokea leo?"

"Ametokea."

Akainama kutazama. "Hiki kisogo tu! Na jana lilikuwa tumbo. Tukiunganisha za mwezi mzima tutapata mtu kamili."

Tukacheka, hata Wafdiya, ambaye siku zile alikuwa amesahau kucheka.

Mahali penyewe nilipajua kuliko waliopachimba. Kabla hatujahamishwa kutoka kilimani, nyumba yangu ilikuwa palepale, na kaburi lilikuwa chini ya tanuri langu. Miaka thelathini nimeoka mkate juu ya kichwa cha mtu.

Wafdiya alikuwa na mwaka wa tano hajashika mimba. Sababu tuliijua. Siku ya tatu ya arusi yake, shangazi yake Abderadi aliingia chumbani kwake na nyama mbichi mkononi. Kwetu, bibi arusi akiingiziwa nyama mbichi hivyo, kizazi hufunga. Na shangazi huyohuyo, bila haya, sasa alikuwa amemtafutia Abderadi mke wa pili. Alitaka jibu kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mwanangu alikuwa amechoka kusema hapana.

Dawa ipo, na ni ya mama zetu: mwanamke amruke maiti wa kale mara saba, kila mara azunguke aanze upande uleule, asisimame katikati. Mimi niliruka, nikampata Abderadi. Lakini enzi zetu wafu walikuwa uani. Sasa wako nyuma ya kamba.

Ikaja picha ya mgeni mmoja wa Poland. Maiti mmoja, amelazwa chali, vitambaa vyake vimekuwa rangi ya chai, mchanga umemfunika toka magotini kwenda chini. Wafdiya aliikuza kwa vidole viwili. Akanitazama.

"Ijumaa," nikamwambia.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, sisi tulipanda kilima, tukashuka kaburini. Jua lilikuwa kali juu yetu, na chini kulikuwa baridi kama mtungini. Abderadi alisimama ngazini ametupa mgongo.

"Fanyeni haraka, Mama. Mimi sijaona mtu."

Ada ni kupiga hodi kwanza. Nikapiga. "Hodi, mwenye mahali. Tumekuja na shida, hatukuja na dharau. Turuhusu." Nilisema vizuri. Nilimwomba yule niliyemwona kwenye picha.

Nikamwonyesha Wafdiya arukie miguuni, ndipo pembamba. Akaruka. Akazunguka, akaruka tena. Mara ya tano akaniita.

"Mama."

"Usisimame!"

"Kuna kitu kidogo hapa chini ya mchanga. Nimekigusa kwa kisigino."

"Ruka, mwanangu. Ruka."

Akamaliza saba.

Jumanne ikaja picha mpya. Wasomi wanaochimba walikuwa wameondoa kwa brashi mchanga wa miguuni. Kati ya miguu ya yule maiti, kumbe mwanamke, palikuwa na kifurushi kimefungwa kama yeye. Urefu wake mkate mmoja wa jua, ule tunaouumusha juani.

Nilizima simu. Nikaiwasha tena. Kilikuwepo.

Niliomba ruhusa kwa mmoja. Walikuwa wawili.

Sikumwambia mtu. Mwezi uliofuata Wafdiya akatapika kwa harufu ya kitunguu, Ratiba akapiga vigelegele mpaka punda wakaitika, shangazi akanywea. Abderadi alilia mbele yangu kama mtoto. Ningesema nini, na kwa mdomo upi?

Wiki ileile kifurushi kilipotea. Wabeba udongo wote walihojiwa, Abderadi akaapa kwa msahafu. Hakikuonekana. Kwenye picha za wageni palibaki kishimo tu mavumbini, chenye umbo la mtoto. Wasomi wakasema yule mama asiguswe kwanza, abaki alipolala.

Mimba ikakua. Tumbo likawa kubwa, lakini jepesi. Hata akitembea hakulemewa.

"Mama, mbona hachezi?"

"Kila mtoto na tabia yake."

Nilimdanganya. Mungu anisamehe.

Mwezi wa tano wa mimba, adhuhuri, alikuwa anakanda unga. Akaniita kwa sauti ndogo. Nikatoka. Kanzu yake ilikuwa inaning'inia. Tumbo lilikuwa bapa. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na maji. Mikono yake ilikuwa bado na unga.

"Alikuwepo sasa hivi," akanong'ona. "Sasa hivi, Mama."

Daktari alimpima, akasema huyu hajawahi kubeba. Abderadi alitaka kumpiga huyo daktari. Tulipokuwa njiani kurudi, simu ililia. Mgeni mwingine, asiyejua lolote, ametuma picha na maua ya shukrani.

Kifurushi kimerudi. Miguuni pa mama yake. Na kitambaa chake si rangi ya chai. Ni kipya. Cheupe.

"Mama," Abderadi akasema polepole, "zima simu."

Siku ya tatu maziwa yakamjia Wafdiya. Yalimjaa mpaka kanzu ikalowa. Nikamfunga kifua kwa kitambaa, nikamchemshia majani. Kila adhuhuri yaliisha yenyewe. Hayakumwagika. Yaliisha tu, kama yamenyonywa, naye akalala usingizi mzito palepale alipoketi.

Picha ya mwisho tuliyopata nilimwonyesha Ratiba. Siku hiyo hakutania. Kifurushi kilikuwa kimeloa upande wa kichwani, doa kubwa kama kiganja, mahali ambapo mvua hainyeshi. Na hakikutosha tena kati ya miguu. Kilikuwa kimefika magotini.

Ratiba akafunika uso kwa mtandio, akaenda zake. Hajarudi kwangu mpaka leo.

Joto lilipoanza, wasomi waliondoka. Kaburi likafungwa kwa mlango wa chuma. Picha zikakoma. Nilipanda peke yangu asubuhi moja, nikaweka mdomo kwenye chuma, nikapiga hodi kwa wote wawili, mkubwa na mdogo. Nikaomba radhi. Nikasema nichukueni mimi. Nilingoja mpaka jua likanichoma utosi. Hakunijibu mtu. Afadhali wangenijibu vibaya.

Abderadi ameoa yule wa shangazi. Analala upande mwingine wa uwanja, na mchana hapiti huku.

Huu ni mwezi wa sita tangu maziwa yaje. Jana nilimkuta Wafdiya ameketi kwenye kizingiti, ameelekea kilimani, kifua wazi, mkono mmoja umekunjwa kama aliyepakata. Nikapiga magoti mbele yake.

"Twende kwa shekhe, mwanangu. Akusomee, maziwa yakatike."

"Wee, Mama." Aliniambia kwa upole, kama mimi ndiye mgonjwa. "Ana njaa ya miaka mingapi huyu?"

Nikachukua mtandio nimsitiri. Ndipo nikaona. Chini ya chuchu, alama mbili ndogo, pamoja, zinavuja damu.

"Meno ya chini," akasema. "Yameota juzi."