Oda ya Alhamisi

Daftari la Nabiha lilianguka ndani ya karai la muuza pweza pale Marikiti, Jumamosi saa nne asubuhi, soko limejaa hapana pa kutia mguu. Aliyelitoa, kabla mwenyewe hajainama, alikuwa kijana mrefu wa kanzu ya rangi ya maziwa, mkono umelowa mpaka kiwikoni.

"Pole, dada. Ni la shule?"

"Ni oda za watu. Sambusa, kaimati, pilau za harusi. Mwezi mzima umo humo."

Wakalifunua. Wino wote ulikuwa umeyeyuka. Nabiha aliitazama karatasi, naye kijana akamtazama yeye: buibui lenye nakshi za zari mikononi, hina ya wiki iliyopita, macho ya wanja. Mimi nasema pale pale alikwisha. Atakayebisha na abishe.

"Naitwa Khubaib, wa Kibokoni. Kazi yangu kompyuta. Nitakutengezea kitu kisichoanguka kwenye karai."

Hakusema uwongo. Alikuwa na jukwaa la kuundia programu, ambalo kwalo fundi haandiki msimbo mwingi: avuta visanduku, avipanga, fomu yatoka. Siku ya nne Nabiha alikuwa na fomu kwenye simu yake: mteja, shughuli, chakula, watu, tarehe, maelezo. Oda zenyewe zilikaa kwenye kompyuta ya Khubaib, chumbani kwake, juu ya meza ya cherehani ya marehemu nyanyake.

Sasa, stima ya Mombasa mwaijua, umeme wa kukatika-katika. Ikikatika Kibokoni, fomu ya Nabiha kule kwao Kuze yafa, naye apiga simu.

"Fundi, umezima tena."

"Mimi sijazima, iliyozima ni stima. Mimi ni mzima, hata hujaniuliza hali."

"Nina sambusa motoni, usinichezee."

"Basi ziepue, tuongee."

Ikafika mahali stima ikirudi wote wawili wanasikitika. Lakini wateja waliongezeka, na kazi ni kazi. Jioni moja walikutana ufuoni Mama Ngina, viazi karai mkononi, na Aida, binamu yake Nabiha, amesimama hatua tatu nyuma kwa ajili ya heshima. Khubaib akamweleza.

"Nauhamisha mfumo. Nitaufunga kwenye kontena, niupeleke winguni, kwenye kompyuta za mbali zisizozimwa."

"Kontena? La bandarini Kilindini?"

"Mambo yake ni hayo hayo. Programu na vitu vyake vyote vyafungwa pamoja, na popote utakapolitua lafunguka vile vile. Oda nazinakili kando. Kuanzia Ijumaa, stima ikatike isikatike, hauzimi."

Nabiha alikula kiazi kimoja taratibu. "Basi sitakuwa na sababu ya kukupigia."

Khubaib aliingoja nafasi hiyo kwa majuma. "Nikimleta ami yangu Kamaludin kwenu kuposa, Nabiha, nitarudishwa?"

Suala kama hilo msichana wa Mji wa Kale halijibu kwa mdomo, tena Aida ametega masikio. "Utapata jibu kabla ya Ijumaa," akasema, akajifunika uso kwa mtandio.

Alhamisi alasiri Bi Swafia, jirani yao, alipita kuagiza chakula cha harusi ya mwanawe, miezi mitatu mbele. Nabiha akaijaza fomu. Kisha akafunga mlango wa jikoni, akafungua fomu nyingine. Mteja: Khubaib. Shughuli: harusi. Watu: wote watakaokuja. Tarehe: atakayoitaja ami yako. Kwenye maelezo akaandika: Hutarudishwa. Waje.

Kosa la Khubaib lilikuwa dogo, la kifundi. Oda alizinakili Jumatano. Kontena alilitua winguni Ijumaa asubuhi. Hakumwambia Nabiha asijaze kitu kati ya siku hizo mbili. Kilichoandikwa Alhamisi kilibaki kwenye kompyuta ile kuukuu, naye akaizima, akaifunika leso, akaisukuma mvunguni mwa kitanda.

Ijumaa Nabiha alifungua mfumo, oda yake haipo; ya Bi Swafia hata hakuikumbuka. Amesoma, akafuta, alijiambia, akaifunga simu. Khubaib alishinda na simu mkononi mpaka Jumapili. Hanitaki, alijiambia naye, basi asilazimishwe. Na mfumo, mashallah, haukuzima hata dakika moja.

Miezi mitatu. Kutoka Kuze hadi Kibokoni ukianza na kaimati mbili wafika hujazimaliza, lakini kila mmoja alibadilisha njia asimwone mwenziwe. Stima ilipokatika Nabiha aliitazama fomu inavyowaka tu, akaichukia. Alimtamani, nifiche nini? Alitamani ile "tuongee" yake. Khubaib naye, chumba kikiingia giza, aliiweka simu kifuani akangoja, ilhali ajua ni yeye mwenyewe aliyeiondoa sababu.

Ndipo posa ya Saif ikaja. Mtu mwema, mwenye duka la vitambaa. Mama yake Nabiha akamwambia, "Alhamisi shangazi zake waja kuchukua jibu. Nitakuuliza mbele yao. Ukinyamaza, wajua kimya cha mwari ndiyo idhini."

Alhamisi hiyo asubuhi Bi Swafia alikuja. "Mwanangu, mambo ya Jumamosi tayari? Watu mia nne." Nabiha akatafuta kwenye mfumo, hakuna. Akatafuta tena. Hakuwa na budi, akapiga simu.

"Salaam aleikum, fundi."

Khubaib alikaa kitako. "Waaleikum salaam, Nabiha. Umezima?"

"La. Oda ya Bi Swafia haimo. Na niliijaza kwa mkono wangu."

"Siku gani?"

"Alhamisi ile. Kabla hujahama."

Khubaib akahesabu siku. "Yailahi," akasema polepole. "Mimi nilinakili Jumatano."

Nabiha akakata simu. Kumbe hakuisoma. Na sasa ataisoma. Lakini miezi mitatu ni mingi, je, Khubaib bado alitaka jibu lile?

Khubaib aliitoa kompyuta mvunguni, akaikung'uta vumbi, akaiwasha. Zilikuwa oda mbili. Ya kwanza ya Bi Swafia. Ya pili aliisoma akiwa amesimama, akaisoma ameketi, kisha akalia, mwanamume mzima. Halafu akaenda kumgongea mzee mlango. "Ami, ile kanzu yako nzuri iko wapi?"

Baada ya alasiri, ukumbini kwa kina Nabiha, udi unafuka, na shangazi watatu wa Saif wameketi kwenye makochi. Nabiha alivaa dera la samawati, simu iko mapajani.

"Nabiha," mama akauliza, "posa ya Saif umeisikia. Wasemaje?"

Nabiha aliinama, akaitazama simu. Shangazi mkubwa akatabasamu. "Kimya. Alhamdu..."

Simu ikalia mlio wa oda. Oda mpya: mbili. Ya Bi Swafia, na chini yake, ile yake mwenyewe, neno kwa neno, isipokuwa mahali pa tarehe palikuwa pamebadilishwa: Ami yuaja kuitaja mwenyewe.

"Mama," Nabiha akasema, machozi yanamdondoka, "mie sijanyamaza. Nilishajibu, miezi mitatu sasa."

"Umemjibu nani?"

Chini mlangoni mtu alikohoa kwa adabu, kisha sauti ya mzee ikaita, "Hodi, wenyewe."

Nabiha hakumngoja mama yake.

"Karibuni," akaitika. "Piteni."