Nilimfichua Mamangu Mbele ya Mwalimu

Nina miaka ishirini na minne, ni mwanamke, na nilimaliza chuo kikuu mwaka uliopita. Wenzangu wananijua kuwa mtu wa kubishana. Mhadhiri akisema jambo, nauliza amelijuaje. Shekhe akisema jambo, nauliza vilevile. Wao hudhani ni kiburi cha elimu... Laiti wangejua! Kuna wakati nilikuwa nikiamini kila nililoambiwa, na kwa sababu hiyo mdogo wangu yuko kaburini.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Mji wa Kale, katika nyumba ya ukoo wa baba: baba, mama, mimi na mdogo wangu Rukia, mtoto wa miaka mitano. Baba alikuwa karani bandarini, mama alikuwa akipaka hina maharusi. Ijumaa moja baba alikwenda kuswali asirudi. Siku ya tatu akaja shangazi, dada yake baba. Alikunywa chai, akayasifu mahamri ya mama, akaomba aongezwe jingine... Alipokwisha kula ndipo akafungua mkoba na kutoa karatasi ya talaka. Baba alikuwa ameoa Malindi, na nduguze waliitaka nyumba yao.

Tulihamia kwa mjomba wangu, Majengo. Mama alikaa eda katika chumba tulicholala sote watatu, na mke wa mjomba alikuwa akiguna kila tukipita. Ni hapo alipokuja mwanamke mmoja kumtazama mama. Alimwambia kuna nyumba Mji wa Kale, nyuma ya Ngome ya Yesu, ambako mwanamke haulizwi mumewe yuwapi. Watu wanakaa pamoja, wanapika pamoja, wanasali pamoja. Waiita Nyumba ya Utulivu.

Nani angekataa? Eda ilipokwisha, tulikwenda.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa tatu, kuta nene, na kisima uani. Waliokaa mle walifika thelathini. Mkuu wao tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, nguo zake zikinukia udi. Siku ya kwanza alinishika kichwa akaniuliza nimekula nini. Baba yangu hakuwahi kuniuliza hivyo!

Baadaye ndipo tukazijua sheria. Watoto walilala peke yao ghorofa ya juu. Skuli tuliachishwa, kwa kuwa vitabu huleta maswali na maswali ni maradhi ya moyo. Mtoto hakuruhusiwa kumwita mamake mama. Sote tulikuwa ndugu. Nilimwita mamangu Ndugu Zuhura. Mara ya kwanza nilipomwita hivyo, aligeuka upande, akajidai anatafuta kitu sakafuni. Wazee wa msikiti wa jirani walikuja kulalamika. Mwalimu aliwakaribisha kahawa na halua, akawasikiliza mpaka wakamaliza, wakaenda zao.

Kila Alhamisi baada ya alasiri kulikuwa na kikao cha kufichua. Watoto ndio waliokuwa wakisema, wakubwa wakisikiliza. Mtoto aliyejua mkubwa fulani ameficha kitu cha dunia alisimama akakitaja. Kulifichuliwa pete, simu, picha ya mume aliyekufa, hata kopo la sukari. Na mtoto aliyefichua, siku ya pili yake alikula katika sinia la Mwalimu, na Mwalimu akamlisha matonge kwa mkono wake.

Miezi mitano sikuwa nimefichua kitu. Wenzangu walinicheka. Msichana mmoja aliyelala kando yangu alikuwa akinipungia vidole mbele ya uso. "Huyu haoni," aliwaambia wenziwe. "Mpeni fimbo."

Rukia alikuwa na pumu. Mwalimu alikuwa ameagiza dawa zote zitolewe, kwa kuwa mwenye kutegemea chupa hamtegemei Mungu. Mama alizitoa... lakini alibakisha moja. Adhuhuri moja nilipanda darini kuanua nguo, nikamkuta amemficha Rukia nyuma ya shuka, amemtia mdomoni pampu ndogo ya buluu ya kuvuta dawa ya pumu. Aliponiona alisimama kama mwizi. Kisha akanivuta karibu.

"Hili letu sisi watatu," akaniambia. "Umenisikia, mwanangu?"

Aliniita mwanangu! Nilifurahi kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi.

Wasomaji wenzangu, nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisimama. Niliogopeshwa? La. Nililazimishwa? La. Mwalimu aliuliza tu kama kuna mwenye neno, na yule msichana akanitazama, akacheka. Nikasimama, nikasema yote, hata mahali ilipofichwa, ndani ya mfuko wa unga wa hina.

Mama hakunitazama. Mwalimu hakumkaripia. Alimwagiza aende akailete, ampe Rukia, na Rukia mwenyewe aitumbukize kisimani. Rukia alidhani ni mchezo. Kitu kilipolia majini alipiga makofi, akauliza kama kuna nyingine.

Ijumaa nilikaa kwenye sinia la Mwalimu. Ilikuwa pilau ya mbuzi. Alinilisha tonge baada ya tonge, na sitawadanganya... nilikula nikashiba, na nilijiona mtu.

Wiki iliyofuata, asubuhi, walikuwa wakikung'uta mikeka. Vumbi lilijaa nyumba nzima. Pumu ikambana Rukia. Walimlaza sebuleni, wakafunga madirisha, wakafukiza ubani, wakaanza kuomba. Moshi juu ya vumbi! Mabega yake yalipanda na kushuka, midomo ikageuka rangi. Mama alipiga magoti, akaomba ampeleke hospitali. Kwa tuktuk ni mwendo mfupi tu.

Mwalimu alimjibu kwa upole uleule. "Mlango hauna kufuli, Ndugu Zuhura. Lakini ukitoka naye, usirudi tena kwetu."

Mama alimbeba Rukia mpaka mlangoni. Nilimwona akishika komeo. Nilimwona! Angekwenda wapi? Kwa baba? Kwa mke wa mjomba? Alisimama pale... kisha akarudi, akaketi, akampakata. Nami nilisimama kwenye ngazi, miaka kumi, nina miguu, nina sauti, na sikusema neno. Kabla ya adhana ya adhuhuri Rukia alikuwa ameshafariki.

Mjomba alipopata habari alikuja na kunichukua kwa nguvu. Mama alikataa kutoka. Alikaa mle miaka miwili zaidi, mpaka asubuhi moja walipoamka wakakuta Mwalimu amehama na hakuna ajuaye aliko. Hakushtakiwa na mtu. Sasa mama anakaa nami.

Mwezi uliopita nilijikaza nikamwambia. Nilimwomba radhi kwa lile nililolifanya. Nilitaka anilaani, anipige, anikatae... chochote! Kumbe sikuwa nimejua adhabu ilivyo. Mama alinikalisha karibu naye, akanishika mikono yote miwili.

"Wajilaumu kwa nini? Alikufa kwa sababu mimi nilichelewa kuisalimisha ile chupa, nikaitegemea badala ya Mungu. Wewe ulinisaidia, mwanangu. Sijapata kukushukuru."

Akanibusu kwenye paji la uso.

Kila alfajiri namsikia akiomba dua. Humtaja Mwalimu kwanza, kisha humtaja Rukia.

Ninyi mnaonisoma mkiwa mmeachwa, mmefukuzwa, mnatafuta pa kujiegemeza, sitawakataza kuomba. Ninawaomba jambo moja. Pahali mtakapopokewa, watazameni watoto. Mkiona mtoto anasifiwa kwa kumsema mamake, mkiona ameacha kuuliza, mshikeni mkono mtoke naye siku ileile, hata kama hamna pa kwenda. Laleni stendi ya Mwembe Tayari juu ya mabegi yenu. Mama yangu alifika mpaka mlangoni. Alichobakiza ni kuinua komeo tu.