Nilifuta Sehemu ya Diski Aliyoificha Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, ni mke na mama wa mtoto mmoja, naishi Mkonze hapa Dodoma. Kazi yangu ni katibu muhtasi katika ofisi moja mjini, na jioni nikirudi nyumbani huwa nachapa tafiti za wanafunzi wa vyuo kwenye kompyuta yetu ya mezani. Ninaandika haya nikiwa na akili zangu timamu, ingawa kuna siku naona kama zimeniruka...

Watoto wawili wa mdogo wangu, Anna, hawalali na mama yao. Wanalala Area D kwa baba yao, mtu ambaye Anna alimkimbia kwa sababu ya kipigo. Ushahidi wa kipigo hicho ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya nyumba yangu, ndani ya kompyuta yangu, na niliufuta mimi kwa mkono wangu mwenyewe. Nilidhani nafuta picha za hawara wa mume wangu!

Mume wangu anaitwa Elia. Ni mwalimu wa shule ya msingi, Mgogo wa upande wa Bahi, mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari za kazi atakwambia nzuri, basi, yameisha. Mwanzoni nilimpendea utulivu huo. Baadaye ndio uliokuja kunitia wazimu, maana mimi nimekulia Iringa kwenye nyumba ya wasemaji, na kwetu mtu akinyamaza tunajua ana jambo.

Kompyuta ile aliinunua yeye, ikiwa imeshatumika, na yeye ndiye aliyeipanga. Diski yake moja aliigawa vipande, mafundi wanaviita patisheni. Draivu C ilikuwa ya mambo ya kompyuta yenyewe, D ya kazi zangu, E ya mitihani ya shuleni na picha za familia. Nilimcheka, nikamuuliza anahangaika nini. Akanieleza kwamba baba yake hakuwahi kulaza ng'ombe wote nyumbani. Wengine aliwaweka kwa rafiki zake vijiji vingine, na yeye akawatunzia hao rafiki ng'ombe wao. Ugonjwa ukiingia zizi moja, wengine wanabaki. Na anayetunza ng'ombe wa mwenzake hasemi ni wa nani, hata mke wake hamwambii.

Niliona ni habari za kijijini tu, nikaendelea kumenya viazi.

Mwaka jana kompyuta ikaanza kulalamika kwamba draivu C imejaa. Ikawa nzito kupita kiasi... nagonga herufi sasa, inatokea nikiwa nimeshasahau nilitaka kuandika nini. Wanafunzi wakawa wananipigia simu kutwa. Nikamwambia Elia, akasema ataitazama. Hakuitazama. Nikamkumbusha, akasema tena ataitazama. Kwa nini mtu aliyeigawa kwa mikono yake ashindwe kuipanga upya? Swali hilo lilianza kunitafuna.

Basi nikampigia shemeji yangu Gasper, mume wa Anna, ambaye kazi yake ni hizo hizo kompyuta. Jamani, Gasper! Mcheshi, msafi, anamwamkia kila mkubwa shikamoo, akija kwetu haji mikono mitupu. Mama yangu anamwita mwanangu. Anna alipowahi kunidokeza kwamba ndani ya nyumba yake mambo si mazuri, nilimjibu avumilie, ndoa zote zina mitihani. Sikumuuliza hata mambo gani.

Gasper akanielekeza kwa simu jinsi ya kufungua ukurasa unaoonyesha diski nzima ilivyogawanywa. Nikaviona vipande vimepangwa kwenye mstari kama vyumba vya nyumba ya kupanga. Kati ya C na D kulikuwa na kipande kikubwa kuliko vyote, nacho hakikuwa na herufi. Ukifungua kompyuta kwa kawaida hukioni kabisa. Nikamtajia.

Akauliza, "Shemeji, hicho kimewekwa na nani?"

"Nani tena kama si Elia?"

"Na hajakwambia kina nini?"

"Hajaniambia."

"Mh," akasema.

Hiyo "mh" ndiyo iliyoninyima raha tangu siku ile!

Nilimuuliza Elia mezani, tukiwa tunakula. Hakushtuka. Akasema, "Vya watu hivyo, mama Tumaini. Nimeombwa kuvitunza. Viache." Nikamuuliza vya nani. Akaosha mikono, akatoka nje.

Niambie, wewe msomaji ungelala? Nusu nzima ya kompyuta inayonilisha imekaliwa na mtu nisiyemjua, nami nahangaika na nafasi ya kuhifadhi kurasa za wanafunzi!

Nikaanza kumchunguza. Nikagundua kwamba nikiingia sebuleni anafunga alichokuwa anakitazama. Nikagundua anavaa vipokea sauti masikioni, anasikiliza kitu, na akivivua uso wake umebadilika. Simu fulani anazipokelea uani. Mambo haya yote huenda yalikuwepo zamani, lakini sasa kila moja likawa na maana. Nikakipa kile kipande herufi, kama Gasper alivyonielekeza, nikajaribu kukifungua. Kikadai neno la siri. Nikaandika jina la mtoto wetu. Nikaandika jina langu. Nikaandika jina la kijiji chao... Kikakataa yote. Nikakiondolea ile herufi ili asijue.

Kisha jirani yangu akanitwisha jambo zito bila hata kukusudia. Tulikuwa tunaanua nguo, akasema, "Mdogo wako naye siku hizi hakauki hapa. Juzi nimemwona tena na shemeji yake, wewe ukiwa kazini."

Anna? Anna aje kwangu nisipokuwepo, na asiniambie? Nguo ziliniponyoka mkononi.

Nilikaa na wazo hilo likiniunguza. Sikumuuliza Anna, maana nilijua ataruka. Sikumuuliza Elia, maana ningejibiwa kwa kimya. Unajua nilimwendea nani? Nilimwendea Gasper! Nilimpigia nikamwambia kila kitu, kwamba mke wake anakuja kwangu kwa kificho, kwamba kile kipande kina neno la siri, kwamba nadhani mimi na yeye tunachezewa. Nilijisikia kama namtendea haki. Nilimhurumia kabisa.

 Akasema kwa sauti ya unyonge kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi, ila aliogopa kuniumiza. Akanishauri nisigombane na mtu, kwa sababu nikigomba Elia atahamisha vitu. "Kifute tu, shemeji," akasema. "Halafu mwangalie usoni atakapokikosa. Hapo utapata jibu lako, na kompyuta yako itapata nafasi."

Niliona ni ushauri wa mtu mwenye busara. Hasira ikishakaa kichwani, kila kinachoisindikiza kinafanana na busara.

Jumamosi moja Elia akaenda kwao kumsaidia baba yake palizi ya uwele. Nikakaa mbele ya kompyuta asubuhi hiyo, Gasper yuko kwenye simu. Nikachagua kile kipande. Nikabofya pa kufuta. Kompyuta ikanionya kwamba vyote vilivyomo vitapotea, ikauliza kama nina uhakika. Ilinionya jamani, hata mashine ilinionya... Nikakubali. Kile kipande kikageuka cheusi. Gasper akanielekeza nikiunganishe na draivu C, nikaunganisha. Ule mstari mwekundu wa kuonya kwamba C imejaa ukatoweka.

Nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi sana.

Mchana Gasper akaja mwenyewe na diski ya kubebeka. Akasema amemletea Tumaini katuni, na mimi kaniletea video za kwaya, tujaze ile nafasi mpya. Aliketi pale akanakili mafaili mpaka jua likapoa, huku anakunywa chai na kutaniana na mwanangu. Niliona ajabu kidogo kwamba hakuonekana kama mtu aliyeumizwa na mke wake. Lakini nikajiambia wanaume wanajikaza. Wakati anaondoka nilimfungia zabibu za Anna na watoto. Za Anna, ambaye moyoni nilikuwa nimeshamtukana kila tusi!

Siku chache baadaye Anna akatoroka na wanawe, akajificha kwa rafiki yake, mtaa wa Nkuhungu. Mimi nikasikia kwa mama, nami nikasema moyoni kwamba mambo yameanza kujianika. Jioni ile ile Elia akawasha kompyuta. Nilivuta kiti nikakaa nyuma yake makusudi, nione uso wake. Alitafuta, akatafuta tena. Kisha akageuka, akauliza taratibu, "Mama Tumaini, kile kipande kiko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikamwambia nimemfuta yeye na hawara wake, na kwamba hawara huyo nimenyonya naye ziwa moja.

Elia hakupandisha sauti. Alishika kichwa. Halafu akasema, "Zilikuwa picha za Anna. Anna na majeraha yake. Na sauti za Gasper akimtishia kumuua. Wiki ijayo zilikuwa zinakwenda kwa wakili."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, nikadhani ni uongo wa haraka haraka. Akaniuliza, "Nani alikufundisha kufuta?"

Nikafungua mdomo kumtaja Gasper... nikashindwa kulifikisha jina hilo mwisho.

Ndipo Elia aliponieleza yote, nikaelewa. Gasper alikuwa anaipekua simu ya Anna kila siku, kwa hiyo Anna akishapigwa alijipiga picha na kurekodi vitisho, akazileta kwangu nikiwa kazini, Elia akazihamisha, wakazifuta kwenye simu. Hakuwahi kwenda hospitali wala polisi, kwa woga. Hakukuwa na nakala popote pengine, kwa sababu Elia alifuata desturi ya kwao, kitu ulichopewa kutunza hukitembezi kwa watu. Na Gasper alihisi kuna mahali mke wake anaficha jambo, ila hakujua wapi. Aliyemwonyesha mahali ni mimi!

Tulibeba ile kompyuta mpaka kwa fundi mjini. Alituuliza tulifanya nini baada ya kufuta. Nikaeleza kuunganisha, nikaeleza katuni na kwaya. Akatikisa kichwa. Akasema kipande kilichofungwa kwa neno la siri ni kigumu kukirudisha hata kikiachwa vile vile, sembuse kikiandikwa vitu vingine juu yake. Akaongeza, "Dada, aliyekwambia ukijaze alijua anachokifanya."

Elia aliniambia neno moja tu tukiwa njiani. "Na mimi nimekosea. Nilidhani nimejenga mazizi mbalimbali, kumbe zizi ni moja, nimeweka tu vigingi katikati." Ningefurahi angenipigia kelele.

Mahakamani, kwenye kesi ya kugombea watoto, Anna alieleza yote kwa mdomo. Mimi nikasimama nikaeleza jinsi Gasper alivyonielekeza. Gasper, ndani ya suti, akajibu kwa upole kwamba shemeji yake alilalamika kompyuta imejaa, naye akamsaidia kuongeza nafasi. Nikaulizwa kama ni kweli nililalamika. Ilikuwa kweli. Nikaulizwa kama nilikiona kwa macho yangu kilichokuwa ndani ya kile kipande. Sikukiona. Mama yangu mzazi alikuwa ameketi upande wa Gasper. Watoto wakarudishwa kwa baba yao, Anna akaruhusiwa kuwaona wakati wa likizo.

Sasa Anna anaishi kwetu. Hanitukani, hanisusii chakula. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, dada yake wa tumbo moja, akaenda kumwambia shemeji. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nilitaka nikuambie, dada. Nikaogopa utamwambia Gasper."

Nilitaka kumbishia. Lakini ni kweli, ningemwambia. Ningempigia siku hiyo hiyo nimsuluhishe na mkewe, nikaona nimefanya jambo jema.

Wasomaji wenzangu, sisemi mtu asimshuku mume wake. Wapo wanaoficha mabaya, nawajua. Ila mimi nilimshuku mtu kwa sababu ananyamaza, nikamwamini mwingine kwa sababu anaongea vizuri na anatuletea zawadi. Anayekuhimiza ufute kitu ambacho hujakiona, muulize yeye anakiogopea nini. Mimi sikuuliza. Na kama mna nyaraka au picha ambazo maisha ya mtu yanazitegemea, msiridhike kuzigawia vyumba ndani ya diski moja. Nakala nyingine iwe nje ya nyumba kabisa, kwa mtu mwingine.

Na zaidi ya hayo, mdogo wenu akiwadokeza kwamba mambo si mazuri, nawasihi sana, acheni mnachofanya mkae chini mmsikilize mpaka amalize. Wangu anapotaka kuzungumzia watoto wake sasa, anamwita Elia, halafu ananiomba kwa adabu niwapishe. Nami natoka, nakaa uani mpaka wamalize.