Imebaki Kidogo

Alhamisi ile haikuwa na ubaya wowote. Jua la asubuhi, majirani wanaanika nguo, na mimi nimeshapokea barua pepe yangu ya kila wiki, ile ya "we regret to inform you". Mama akasema kwa kuwa sina pa kwenda, niende nikamtoe shangazi kwenye mashine ya kamari. Si wewe uliyesomea takwimu, kamweleze inavyofanya kazi. Ndiyo ajira ya kwanza niliyopata tangu nihitimu.

Shangazi ni msusi. Vichwa alivyosuka ndivyo vilivyonipeleka chuo, kwa hiyo asije mtu akaniambia nilikwenda kwa kiherehere. Nilikwenda kwa sababu alikuwa anaisha. Mwanamke aliyekuwa mnene hata akikaa kwenye benchi wengine wanasimama, sasa gauni linamning'inia kama limeanikwa. Ukoo mzima ulisema hali chakula, hela yote inaishia kwenye mashine. Simple logic. Nami nilisema hivyohivyo.

Mashine ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya simu, chumba kisicho na dirisha, feni moja, viti vya plastiki. Wacheza kamari wana lugha yao: mashine ikichukua hela, wanasema imenila, ikitoa, imetapika. Nilikuwa naicheka lugha hiyo.

Nikavuta kiti, nikashusha lecture. Nikamwambia, shangazi, hizo picha za matunda unazoziona zikizunguka ni maigizo. Ndani kuna kadi ndogo inayochagua namba bila mpangilio, random, na ukibonyeza tu, majibu yameshatoka. Kuzunguka ni kukupumbaza. Haikumbuki imekula nini jana. Haina zamu yako, haikuonei huruma, haikujui. Na ile ndimu ya tatu inayosimama juu kidogo ya mstari, ukaona nusura upate, imepangwa itokee mara nyingi ili usinyanyuke.

"Inanijua," akasema bila kunitazama. "Inanila kwa adabu."

Akabonyeza. Ndimu. Ndimu. Ya tatu juu kidogo ya mstari.

"Imebaki kidogo," akanong'ona.

Akabonyeza tena. Shavu lake likabonyea.

Nikajiambia ni mwanga. Msomi lazima aseme ni mwanga. Akabonyeza. Kiganja kikarudi ndani ya mkono wa gauni, kama kobe. Nikamshika bega nimvute. Nilichoshika chini ya kitambaa kilikuwa chembamba kama henga ya nguo.

"Shangazi, twende nyumbani."

"Nimebaki kidogo, mwanangu."

Nikadhani ulimi umeteleza. Haukuteleza.

Nikakimbilia swichi ukutani, nikazima. Feni ikasimama. Taa za mashine zikafa. Kimya.

Katika giza lile, mashine ikacheua.

Nikawasha. Gauni lilikuwa kwenye kiti. Halikuanguka, lilikuwa limekaa. Viatu chini yake, ncha zikielekea mashine. Nikaligusa. Lilikuwa na joto.

Mwenye duka akaja, akaliangalia, akalikunja vizuri kama dobi. Wengine huondoka bila kuaga, akasema. Akaliweka chini ya kaunta, juu ya nguo nyingine zilizokunjwa. Halafu akaniuliza kama nina kazi, maana amenisikia, naijua mashine vizuri, na anatafuta mtu wa kuwaelezea wateja wageni. Miaka yote hii ninatuma CV, na huyo ndiye wa kwanza kunisifu.

Polisi waliniuliza nimekunywa nini. Mama aliniuliza shangazi yako yuko wapi, na anauliza mpaka leo. Nikatafuta fundi wa umeme, nikarudi naye kudai mashine ifunguliwe. Mwenye duka akatoa funguo bila kusita.

Fundi akafungua. Kadi ndogo. Skrini. Kisanduku cha hela. Kila kitu kama nilivyomweleza shangazi. Ungekuwa mtihani, ningepata zote.

Ila nyaya.

Nyaya zote zilikuwa zimesukwa. Misuko myembamba, imebanwa sawasawa, kila mmoja umekunjwa ncha na kufungwa uzi mweusi. Fundi akazigusa kwa bisibisi, akasema kwa sauti ya chini kwamba kiwandani hawafanyi hivi. Msuko mmoja ulikuwa umefika nusu tu. Tukafunga, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jumatatu fundi alirudi peke yake, alikuwa amesahau koleo. Alinipigia akiwa bado barabarani, anahema.

Ule wa nusu umemalizika, akasema. Kuna mwingine umeanzwa.

Na vidole vyake, tangu aushike huo kwa mkono, vinanuka mafuta ya nywele.