Alama Nyekundu Kwenye Karatasi ya Antena

Kila jioni baada ya shule, Amondi alifagia gari-nyumba la baba yake, mzee Okeyo, pale Kamanga karibu na kivuko. Lilikuwa gari kuukuu lenye kitanda na jiko ndani. Injini yake ilishakufa zamani. Wageni walilala humo wakitazama ziwa, ila kila mmoja aliondoka akinung'unika kwamba hakuna intaneti.

Jumamosi moja baba alirudi na boksi. Ndani mlikuwa na antena ya kunasa Wi-Fi kutoka mbali. Mwenye nyumba ya wageni ya mlimani alikuwa amewaruhusu watumie yake.

"Haya, mwalimu wangu, nisomee," baba alisema, akimpa karatasi ya maelekezo. Yeye aliishia darasa la pili, na karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Amondi wa darasa la saba ndiye aliyekuwa macho yake.

Amondi akasoma: ifungwe juu ya mlingoti, ielekezwe Wi-Fi inakotoka. Kisha akafika kwenye alama nyekundu: isisimamishwe karibu na nyaya za umeme. Akainua macho. Waya ulipita juu ya gari. Kulisogeza kungetaka vijana wa mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, nao wasingepatikana hadi Jumatatu. Na rafiki yake Queen alishaahidiwa kuja kutazama video jioni ile ile!

"Hapo pekundu wanasemaje?" baba aliuliza.

"Wanasema isilowe mvua."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, baba."

Baba akachukua pondo la kusukumia mtumbwi, likiwa bado linachuruzika maji ya ziwa. Akafunga antena nchani, akapanda juu ya gari.

"Kushoto!" Amondi alipiga kelele, simu mkononi. "Kidogo tena, baba!"

Pondo likagusa waya. Ukasikika mlio mmoja, baba akaanguka mchangani kama gunia.

Hakufa, ila alilazwa wiki tano, akakatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Amondi alikiri yote pale kitandani, akilia. Baba aligeukia ukutani.

Vijana walilisogeza gari. Kazi haikuchukua hata robo saa. Luhaga, fundi umeme, akaisimamisha antena mbali na waya, Wi-Fi ikajaa tele.

Siku baba aliporudi nyumbani, Queen alikuja kumsalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hii." Akampa Queen karatasi ya hospitali, Amondi akiwa amesimama pale pale.

Amondi alikimbilia jikoni. Mama yake, Adongo, akamfuata.

"Baba yako anakupenda," mama alisema. "Lakini ulikuwa macho yake, ukamdanganya. Atayaamini tena lini? Sijui. Anayekuomba umsomee amekukabidhi uhai wake, Amondi. Msomee yote, hata lile linalokuharibia raha yako. Sasa nenda, shati lake liko wazi."

Amondi akaenda, akapiga magoti, akamfunga baba yake vifungo, kimoja kimoja. Baba alitazama ziwa.